SOMO LA FIZIKIA NA HESABU: BITI IENDE FASI GANI?



Nyuma ya somo la umeme, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano alituuliza hivi: « Mwalimu, waya ya simu ilitengenezwa juu ya sauti ya watu tu. Namna gani huko Ulaya waliweza kupitisha ndani yake picha, barua na sinema, na watu wakaendelea kusema kwa simu saa ile ile? » Swali ni zuri, na tulimwahidi jibu katika gazeti letu. Jibu lenyewe si uchawi. Ni hesabu ya kugawanya. Chukueni kalamu na karatasi, maana hatutasoma tu, tutahesabu pia.

1. WAYA NA VIJIA VYAKE

Waya ya simu ya nyumbani ni waya mbili nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja. Shaba tunaijua: ndiyo inayochimbwa Katanga, jimbo ambalo wakati wa Zaire liliitwa hata Shaba. Katika miji ya Ulaya na Marekani waya hizo zilizikwa chini ya barabara au kutundikwa juu ya miti, zikafika karibu kila nyumba.

Sauti ya mtu ndani ya simu inatumia frekansi chache. Frekansi ni hesabu ya mitikisiko katika sekunde moja. Mtikisiko mmoja kwa sekunde ni hezi 1. Simu inapitisha sauti kutoka hezi 300 hadi hezi 3400, basi. Lakini waya inaweza kupitisha mitikisiko ya juu zaidi, hata hezi milioni moja. Ni kama barabara pana ambayo watu wote wanapita pembeni tu, na katikati iko tupu.

Mafundi wakasema: tuitumie ile fasi tupu. Katika kazi inayoitwa ADSL waligawanya frekansi hadi kilohezi 1104 katika vijia 256, kila kijia upana wake kilohezi 4 na kidogo. Vijia vya chini kabisa vinaachiwa sauti ya simu, ndiyo maana mtu anaweza kuongea bila kukatiza kazi nyingine. Vinavyofuata, vichache, vinabeba habari kutoka nyumbani kwenda kituo cha simu. Vilivyobaki, vingi, vinaleta habari kutoka kituo kuja nyumbani, kwa kuwa mtu wa nyumbani anapokea zaidi kuliko anavyotuma.

Kama vijia vyote vingekuwa sawasawa, somo lingekwisha hapa. Lakini haviko sawasawa. Kwanza, frekansi ya juu inachoka mapema njiani. Waya ikiwa ndefu, kilometa 4 au 5, vijia vya juu vinafika na pumzi kidogo sana. Pili, kuna makelele: waya za jirani zinavuja, na redio za mawimbi ya kati zinaingia ndani ya waya kama vile ndani ya antena. Tatu, mara nyingine fundi wa zamani aliacha kipande cha waya pembeni ambacho hakiendi fasi yoyote. Ishara inaingia mule, inarudi, inaharibu frekansi fulani na kuacha zingine. Kwa hiyo kijia cha 60 kinaweza kuwa kizuri, cha 90 kibaya, na cha 91 kizuri tena.

Basi swali letu ni hili: tuna nguvu yenye kipimo, maana sheria hairuhusu kituo kupiga ishara bila mpaka. Tuna vijia vizuri na vibaya. Tuigawanye nguvu hii namna gani ili habari nyingi zipite?

2. BITI MOJA INA BEI GANI?

Habari zote za kompyuta ni biti. Biti moja ni jibu moja la ndiyo au hapana, 1 au 0. Kijia kinabebaje biti? Kinachagua alama moja kati ya alama nyingi. Kama kina alama 2 za kuchagua, kila alama inabeba biti 1. Alama 4, biti 2. Alama 8, biti 3. Mnaona: kila biti moja inapoongezwa, alama zinakuwa mara mbili. ADSL inaruhusu hadi biti 15 katika kijia kimoja, yaani alama 32 768 mbalimbali! Na kila kijia kinatuma alama yake mara 4000 kwa sekunde.

Sasa angalieni vizuri, hapa ndipo wengi wanakosea. Alama zikiwa nyingi, sharti zisisongamane. Zikikaribiana sana, makelele yataisukuma moja juu ya nyingine, na yule anayepokea atasoma 0 pahali pa 1. Ili zikae mbali kama mbele, uwanja wao unapashwa kupanuka, na kuupanua uwanja ni kuongeza nguvu. Hesabu yake, kwa kuikata kidogo, ni hii: ndani ya kijia kimoja, kila biti mpya inadai nguvu mara mbili ya ile iliyoitangulia. Biti ya kwanza ikiwa na bei ya 1, ya pili ni 2, ya tatu ni 4, ya ine ni 8.

Na bei ya biti ya kwanza inatoka wapi? Inatoka katika hali ya kijia. Kijia chenye makelele kidogo na kisichochosha ishara, bei yake ni ndogo. Kijia chenye makelele mengi, bei yake ni kubwa tangu biti ya kwanza.

3. HESABU YA VIJIA VITATU

Tuache vijia 256, tutumie 3 tu. Tuna nguvu ya vipimo 24.

Kijia A, kizuri: bei za biti ni 1, 2, 4, 8, 16…
Kijia B, cha katikati: bei ni 3, 6, 12, 24…
Kijia C, kibaya: bei ni 10, 20, 40…

Njia ya kwanza, ya watu wengi: kugawanya sawasawa. Kila kijia kipate vipimo 8. A inanunua biti ya 1, ya 2 na ya 4, jumla 7. Inabaki 1 isiyonunua kitu. B inanunua biti moja ya 3. Inabaki 5, haitoshi kwa biti ya 6. C ina 8 mkononi na biti yake ya kwanza ni 10. Haipati hata moja. Jumla ni biti 4, na vipimo 14 vimelala bure.

Njia ya pili: usigawanye mbele ya wakati. Shika vipimo 24 mkononi, na kila mara uliza swali moja tu: biti inayofuata, ya bei ndogo kuliko zote, iko fasi gani? Tuanze. Ya bei 1, kwa A. Kiisha ya 2, kwa A tena. Kiisha ya 3, kwa B. Ya 4, kwa A. Ya 6, kwa B. Ya 8, kwa A. Jumlisha: 1 + 2 + 3 + 4 + 6 + 8 = 24. Nguvu imekwisha, hakuna iliyolala. A ina biti 4, B ina 2, C haina. Jumla ni biti 6.

Kutoka 4 hadi 6, kwa waya ile ile na nguvu ile ile! Kwa alama 4000 kwa sekunde, ni biti 24 000 kwa sekunde pahali pa 16 000.

Mtu mwenye kichwa kigumu atasema: « Labda kuna njia ya tatu inayoshinda. » Tujaribu. Toa biti moja kokote uliyoinunua, uipeleke fasi nyingine. Ukiitoa ile ya bei kubwa, ya A, unarudishiwa 8. Lakini biti zilizobaki sokoni ni za 10, 12 na 16. Hakuna unayoweza kununua kwa 8. Kwa kuwa ndani ya kila kijia bei zinapanda tu na hazishuki, ukinunua daima ile ya chini, hakuna mtu atakayekushinda kwa kubadilisha. Huo ndio uhakikisho, na hauhitaji kitu zaidi ya akili ya soko.

Tena angalieni jambo la kijia C. Hakikufungwa milele. Kama tungepata vipimo 10 zaidi, biti ya saba ingekuwa yake, maana bei yake ya 10 ndiyo ya chini wakati ule. Hesabu haichukii kijia. Inangoja bei.

4. MAJI KATIKA KIWANJA

Jambo hili mmekwisha kuliona kwa macho. Mvua ikinyesha katika kiwanja chenye mashimo na vilima, maji hayagawanyiki sawasawa. Yanajaza mashimo ya chini, kiisha yanapanda, na juu yake yanakuwa tambarare. Kilima kinabaki kikavu mpaka maji yakifika urefu wake.

Claude Shannon, mtaalamu wa hesabu wa Marekani aliyefanya kazi katika maabara ya Bell, alitoa mwaka 1948 maandiko makubwa juu ya kiasi cha habari ambacho njia yenye makelele inaweza kupitisha. Mwaka 1949 alionyesha kwamba, kama makelele hayako sawa katika frekansi zote, nguvu inapashwa kugawanywa hivyo: makelele yakiwa kidogo, nguvu zaidi, makelele na nguvu vikijumlishwa, urefu wake uwe mmoja. Makelele ni ardhi ya kiwanja, nguvu ni maji. Ndiyo maana wataalamu wanasema ni kanuni ya kumwaga maji.

Lakini maji yanagawanyika hata kwa tone dogo, na biti haigawanyiki. Hakuna nusu ya ndiyo. Njia ya kununua biti moja moja, kama tulivyofanya, iliandikwa na Dirk Hughes-Hartogs kwa ajili ya modemu za kampuni Telebit, na hati yake ya uvumbuzi ilitolewa Marekani mwaka 1987. Kiisha John Cioffi, mwalimu wa chuo kikuu cha Stanford, na wenzake waliipeleka mbele kazi ya vijia vingi. Mwaka 1993 namna yao ilishindanishwa na zingine huko Marekani juu ya waya za simu, ikachaguliwa kuwa kanuni ya ADSL. Kanuni yenyewe ilitoka mwaka 1995.

5. MODEMU INAJUA NAMNA GANI?

Modemu ni chombo kinachokaa kati ya waya na kompyuta. Unapoiwasha, haianzi kazi palepale. Taa inawaka na kuzimika kwa muda, na watu wanafikiri imeharibika. Kumbe inapima. Kituo kinatuma katika kila kijia ishara ambayo modemu inaijua mbele. Modemu inalinganisha: iliyotumwa ni hii, iliyofika ni hii, makelele ni haya. Kiisha inaandika daftari: kijia cha 40, biti 11, cha 41, biti 11, cha 90, biti 0, na kuendelea. Daftari linapelekwa kituoni, na pande zote mbili zinatumia lile lile. Kama kila upande ungekuwa na daftari lake, hakuna neno lingesomeka.

Tena haitumii nguvu yote mpaka ukingoni. Inaacha akiba, mara nyingi desibeli 6, maana yake ishara yenye nguvu karibu mara 4 ya ile iliyo ya lazima. Mwenye akili hajengi nyumba kwa kipimo cha siku ya jua tu.

Na usiku? Usiku redio za mawimbi ya kati zinasikika mbali sana, ninyi wenyewe mnajua. Redio moja ikiingia juu ya kijia cha 150, bei ya biti mule inapanda. Modemu haisimamishi kazi yote. Inatoa biti moja katika kijia kile na kuipeleka katika kijia kingine ambacho bei yake ni ya chini saa ile, na inaambia upande wa pili: « Tubadilishe daftari pamoja. » Mtu anayesoma barua yake hajui kama kuna kitu kimehama.

6. JIRANI NAYE?

Tulipoeleza hesabu hii kilasini, mwanafunzi mmoja msichana alisimama na kusema: « Mimi sipendi. Aliye na kitu anaongezwa, asiye na kitu anabaki na sifuri. Ni haki gani hiyo? » Tunamshukuru, kwa sababu swali lake limetupeleka fasi ambayo wataalamu wenyewe walifika kisha miaka mingi.

Jibu la kwanza: vijia A, B na C vyote ni vya nyumba moja. Kijia hakina njaa. Kukinyima kijia kibaya si kumnyima mtu. Mwenye nyumba anapata biti 6 pahali pa 4, naye anafurahi.

Jibu la pili ni zito zaidi. Waya ya nyumba haisafiri peke yake. Inakaa ndani ya kebo moja na waya nyingi za majirani, na zinavujiana. Zamani watu waliweza kusikia kwa mbali mazungumzo ya watu wengine ndani ya simu. Makelele ya waya moja ni sauti ya waya nyingine.

Sasa fikiri nyumba mbili. Nyumba ya Mbali iko kilometa 4 toka kituo. Vijia vyake vya juu vimekufa njiani. Inaishi kwa vijia vya chini tu. Nyumba ya Karibu inapata ishara yake toka sanduku lililowekwa katika barabara yake, mita chache. Kwake vijia vyote ni vizuri, vya chini na vya juu. Ikifuata hesabu yetu bila kufikiri, itanunua kwa bei ndogo katika vijia vya chini, na ishara yake ya nguvu itavuja juu ya waya ya Mbali, ambayo ishara yake imekwisha kuchoka. Mbali atazama. Na Karibu hatajua, maana katika daftari lake kila kitu ni sawa.

Tuweke hesabu. Kwa Karibu, biti inayofuata katika kijia cha chini ni bei ya 4. Katika kijia cha juu ni 6. Kwa macho yake, 4 ni bora. Lakini biti ile ya chini inamlazimisha Mbali kutumia vipimo 5 zaidi ili abaki na biti zake. Kwa hiyo bei yake ya kweli ni 4 + 5 = 9. Ile ya juu haimgusi Mbali, ambaye hatumii kijia kile. Bei yake ya kweli ni 6. Basi Karibu ahamie juu. Anapoteza kidogo sana, na jirani anapona.

Mwaka 2002 Wei Yu, George Ginis na John Cioffi walitoa njia ambamo kila waya inamwaga maji yake kwa zamu, na yule aliyefikia mwendo anaohitaji anapunguza nguvu pahali pa kuitumia yote. Mwaka 2006 Raphael Cendrillon na wenzake, pamoja na Marc Moonen wa chuo kikuu cha Leuven katika Ubelgiji, walionyesha namna ya kuhesabu waya zote pamoja, kila biti ikilipa pia hasara ya jirani. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa kanuni ya kufanya kituo kihesabu mbele yale yatakayovuja na kuyafuta.

Kwa hiyo, dada yetu, uliona vizuri. Kanuni ya bei ndogo haikuwa mbaya. Ilikuwa haijahesabu bei yote.

7. NA SISI HAPA?

Mtasema: waya hizo hazikufika kwetu. Ni kweli kwamba nyumba nyingi za Kongo hazikupata waya ya simu hata siku moja, na sasa hata wale waliokuwa nazo wanaziacha. Ufaransa imepanga kufunga mtandao wake wa waya za shaba hadi mwaka 2030, na pahali pake wanaweka nyuzi za kioo.

Lakini hesabu haikufungwa pamoja na waya. Simu ya mkononi ya 4G inagawanya frekansi za hewani katika vijia vya kilohezi 15. Simu inapima na kuambia antena hali yake, na antena inachagua alama: mbali na penye makelele, biti 2 kwa alama, karibu na penye utulivu, biti 6 au zaidi. Ndiyo maana ukipanda mlimani kuona mnara vizuri, ukurasa unafunguka mbio, hata kama simu ni ile ile. Wi-Fi inafanya vile vile.

MASWALI YA KUJIZOEZA

1) Tumia vijia A, B na C vya sehemu ya 3, lakini nguvu ni vipimo 14. Utapata biti ngapi, na kinabaki kiasi gani?

2) Redio imeingia katika kijia A, na bei zake zimekuwa 4, 8, 16… B na C hazikubadilika. Nguvu ni 24. Andika daftari jipya.

3) Karibu anataka biti moja zaidi. Chini: bei 3, hasara ya jirani 2. Juu: bei 6, hasara 0. Ahamie juu au abaki chini? Eleza kwa sentensi moja.

Majibu: 1) Biti 4 (za 1, 2, 3 na 4), vinabaki vipimo 4. 2) A biti 2, B biti 2, C sifuri, zimetumika 21, vinabaki 3. La tatu hatuliandiki hapa. Mwenye kufikiri kwamba daima ni sharti kumwachia jirani kijia cha chini, ahesabu tena polepole, kiisha amletee mwalimu wake wa hesabu karatasi.